Mwongozo Kamili kwa Mcheza Kriketi Mkongwe: Jinsi ya Kujua Wakati wa Kutundika Gongo

Wilfred Rhodes wa Uingereza alicheza mechi yake ya mwisho ya Testi, yaani mechi za kimataifa za siku nyingi, mwaka 1930 akiwa na miaka 52. Alastair Cook aliiaga timu ya Uingereza mwaka 2018 akiwa na miaka 33, na katika zamu yake ya mwisho akapiga mikimbio 147, yaani alama 147. Miaka 19 inawatenganisha, na hakuna kati yao aliyekosea. Kwa hiyo ukiulizwa "bado unacheza tu, na umri huo?", huna haja ya kujitetea. Umri peke yake hausemi kitu. Kinachosema ni mambo mawili: je, kazi uliyopewa na timu bado inafanyika, na mwili wako unatozwa nini ili ifanyike?

Nimeuandika mwongozo huu kwa mchezaji aliyekwisha kupita miaka thelathini na tano au arobaini, awe analipwa au anacheza mwisho wa wiki kwa mapenzi tu, ambaye swali hili limeanza kumkosesha usingizi. Naupenda mchezo huu, na huniuma kuona watu walioutumikia miaka mingi wakiondoka kwa mojawapo ya njia mbili mbaya: kwa hasira baada ya mechi moja mbovu, au kwa kung'ang'ania hadi nahodha aanze kukwepa kuwatazama usoni. Njia ya tatu ipo. Inataka msimu mzima wa kujichunguza bila kujidanganya, kisha uamuzi, kisha tarehe.

Hatua ya kwanza: tenganisha ukame na kushuka

Kila mpigaji hupata ukame wa mikimbio, hata kijana wa miaka 22. Kosa la wakongwe wengi ni kuuita kila ukame uzee, au kinyume chake, kuuita uzee ukame. Jumla ya mikimbio haitakusaidia kutofautisha. Kitakachokusaidia ni namna unavyotoka.

Mtazame Rahul Dravid wa India. Katikati ya mwaka 2011, akiwa na miaka 38, alipiga mikimbio mia mara tatu katika mechi nne za Testi nchini Uingereza, wakati wenzake wakiporomoka. Miezi michache baadaye alikwenda Australia na katika zamu nane stampu zake, vile vijiti vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji, ziliangushwa mara sita. Huyu ndiye mtu aliyejulikana dunia nzima kwa jina la "Ukuta". Mpira ulikuwa unapita kati ya gongo na pedi, mahali ambapo kwa miaka kumi na mitano haukuwa na njia. Machi 2012 akatangaza kustaafu.

Aliye katika ukame wa kawaida hutoka kwa namna mbalimbali: leo amedakwa mpakani, kesho mwenzake kamkimbiza vibaya, keshokutwa kapata mpira mzuri ambao ungemtoa yeyote. Anayeshuka hutoka kwa namna moja, tena na tena, na karibu kila mara ni kwa mpira ambao zamani alikuwa akiumudu: stampu zinaanguka, au mguu unanaswa mbele ya wiketi kwa sababu gongo limechelewa kushuka. Kuchelewa huko ndiko unakokutafuta.

Nunua daftari. Usiku uleule wa mechi, kabla kumbukumbu haijaanza kukupendelea, andika yafuatayo. Kama ni mpigaji: umetoka vipi, kwa mpira wa aina gani, na je, uliuona ukitoka mkononi mwa mrushaji au uliushtukia baada ya kudunda? Kama unadaka karibu na wiketi: mipira mingapi imekujia, na mingapi uliigusa kwa vidole tu. Kama ni mrushaji wa kasi, andika ova ulizorusha (kila ova ni mipira sita), na jambo moja ambalo watu hawalizingatii: mlinda wiketi, yule mdakaji wa nyuma ya stampu, alisimama wapi.

Hilo la mlinda wiketi nalisisitiza. Vipimo vya kasi ni vya viwanja vikubwa, lakini kila timu ina mlinda wiketi, naye hupima kasi yako kwa miguu yake bila kusema neno. Mpira wako ukianza kumfikia chini ya magoti, atasogea hatua moja mbele. Mwezi ujao hatua nyingine. Hatakuambia, kwa sababu anakuheshimu, na pengine hata yeye hajui kuwa amesogea. Kabla ya mechi tafuta alama kwenye nyasi, hesabu hatua kutoka kwenye stampu hadi viatu vyake unapoanza kurusha, na uhesabu tena katika ova zako za mwisho. Ukifanya hivyo katika viwanja vilevile kwa msimu mzima utakuwa na ushahidi usiotegemea maneno ya mtu.

Linganisha msimu na msimu, usilinganishe mechi na mechi. Zamu kumi ni chache mno, na bahati hutawala ndani yake. Weka pia maanani ulicheza dhidi ya nani: mikimbio sabini dhidi ya timu dhaifu isikufunge macho.

Ukishapita miaka 38 hivi, fanya tathmini hii mara mbili kwa msimu, kwa sababu kushuka kukianza huweza kwenda mbio. James Anderson wa Uingereza alikuwa mrushaji namba moja duniani katika orodha ya mechi za Testi Februari 2023, akiwa na miaka 40. Katika mfululizo wa Ashes, ule wa Uingereza na Australia, wa mwaka huohuo, miezi minne tu baadaye, alicheza mechi nne na kupata wiketi tano, yaani aliwatoa wapigaji watano tu, kila wiketi ikimgharimu kwa wastani mikimbio zaidi ya 85. Na bado baada ya hapo alivuka wiketi 700. Mwili wa mkongwe haushuki kama ngazi zenye vipimo sawa, kwa hiyo usiweke imani yako yote kwenye kilele kimoja wala kwenye shimo moja.

Hatua ya pili: upime mwili siku ya pili na ya tatu

Siku ya mechi mwili hudanganya. Damu imechemka, wenzako wanapiga kelele, na goti linalouma husahaulika hadi jioni. Ukweli hutoka asubuhi inayofuata unaposhuka kitandani.

Kuanzia miaka ya thelathini misuli huanza kupungua, na zile nyuzi zinazofanya kazi ya ghafla, yaani kuruka, kuchomoka, kurusha kwa nguvu, ndizo zinazoathirika zaidi. Kano nazo huchukua muda mrefu kupona. Ndiyo maana mkongwe anaweza kucheza vizuri kabisa Jumamosi na bado awe anazeeka: uwezo wa kucheza upo, uwezo wa kurudia ndio unaokwenda. Andika kwenye daftari lilelile siku uliyoweza kukimbia tena polepole bila kuchechemea. Zamani ilikuwa Jumatatu. Ikifika Jumatano, bado kuna nafasi ya kurekebisha kwa mazoezi ya nguvu, usingizi na kupunguza ova. Lakini kama mechi ya wiki hii inakukuta hujapona ya wiki iliyopita, na hali hiyo imedumu zaidi ya mwezi mmoja na nusu licha ya kufuata ushauri wa mtaalamu wa viungo, basi unacheza ukiwa majeruhi kila wiki. Hapo ndipo mimi huweka mstari.

Majukumu hayazeeki kwa kasi moja. Mrushaji wa kasi ndiye hutangulia, kwa kuwa kila anapotua mguu wa mbele hubeba nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wake, mpira baada ya mpira. Kwake tazama kifundo cha mguu, misuli ya nyuma ya paja, na ile kano ya kisigino. Mlinda wiketi anachuchumaa kwa kila mpira: siku kamili ya ova 90 ni mara 540, bila kuhesabu mipira haramu, na magoti yanajua hesabu hiyo hata kama yeye haijui. Mrushaji wa spini, anayeuzungusha mpira badala ya kutumia kasi, hudumu zaidi ya wote, maana silaha yake ni vidole, kifundo cha mkono na akili, ingawa bega lake halisamehe.

Mpigaji yupo katikati, na yeye nitamkalia kidogo. Mpira wa kilomita 140 kwa saa humfikia kwa takriban nusu sekunde. Ndani ya nusu hiyo anapaswa kuuona, kuamua, kusogeza mguu na kushusha gongo. Mzoefu hujipatia muda kwa kusoma mkono wa mrushaji kabla mpira haujatoka, na ndiyo maana wapigaji wengi huwa bora zaidi wakiwa na miaka 33 kuliko 23. Jack Hobbs alipiga mikimbio mia katika mechi ya Testi Melbourne mwaka 1929 akiwa na miaka 46. Lakini uzoefu huo una mwisho, na mara nyingi tatizo la kwanza huwa miguu, macho yakifuata. Unaujua mpira unakwenda wapi, ila mguu wa mbele haufiki. Mwombe mtu akupige video ya simu kutoka upande, kwenye neti za mazoezi, dhidi ya mrushaji wa kasi halisi, kisha ilinganishe na ya zamani kama unayo. Angalia urefu wa hatua tu, mengine yaache.

Kabla hujajihukumu, nenda ukapimwe macho. Nasema hili kwa moyo wote, kwa sababu wapo wanaoacha mchezo kwa tatizo ambalo miwani au lenzi zingelimaliza. Mwambie daktari wa macho kwamba unacheza kriketi na kwamba shida ni kuuona mpira ukiwa mbali au jioni mwanga unapofifia, ili asikupime kwa kusoma tu.

Kuna dalili ambazo hazingoji daftari wala msimu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika isivyo kawaida uwanjani: toka, kamwone daktari, na usirudi hadi akuruhusu. Kupigwa kichwani zaidi ya mara moja na kupata mtikisiko wa ubongo ni jambo la kumwachia daktari aamue, hata ukijisikia mzima. Will Pucovski wa Australia aliacha kriketi mwaka 2025 akiwa na miaka 27 kwa sababu hiyohiyo. Na kama umefika mahali humezi kifungua kinywa cha siku ya mechi bila kumeza na dawa ya maumivu, mwili umeshasema.

Hatua ya tatu: jaribu kubadili kazi, ila kwa muda maalumu

Usiondoke kabla hujajaribu kubaki kwa njia nyingine. Richard Hadlee wa New Zealand alifupisha mbio zake za kurushia akiwa karibu na miaka 30. Wapo waliolalamika kuwa amejipunguza. Alicheza karibu miaka kumi zaidi, akamaliza na wiketi 431 za Testi, na mpira wake wa mwisho katika mechi za Testi, mwaka 1990 akiwa na miaka 39, ukaleta wiketi.

Mpigaji wa kufungua anaweza kushuka hadi nafasi ya tano au ya sita, akakutana na mpira uliokwisha kulainika. Aliyekuwa akilinda pembeni kwa mbio anaweza kusogezwa slipu, ile nafasi ya kudakia iliyo kando ya mlinda wiketi, mradi mikono bado ipo. Kama mikono ndiyo iliyokwenda, slipu ni mahali pabaya kuliko pote, maana mpira mmoja ulioangushwa pale huwagharimu warushaji kazi ya nusu siku. Mrushaji wa kasi anaweza kujifunza mpira wa polepole na kurusha ova nne badala ya kumi. Mlinda wiketi anaweza kumwachia kijana glavu akabaki mpigaji tu.

Kila badiliko lipe muda wake, na muda huo umwambie nahodha mapema: "nijaribu hadi katikati ya msimu." Bila tarehe, kubadili kazi hugeuka kuwa njia ya kujificha, na nimeona wakongwe waliohamishwa kutoka kona moja ya uwanja hadi nyingine kwa misimu mitatu, kila mtu akijua isipokuwa wao. Au nao walijua.

Hatua ya nne: uliza watu wawili, na swali liwe sahihi

Usiulize chumba kizima cha kubadilishia nguo. Watakuambia "mzee, bado upo sana," kwa kuwa wanakupenda, na kwa kuwa hakuna mwenye ujasiri wa kusema vinginevyo mbele za watu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Wa kwanza ni nahodha au kocha, faraghani, siku isiyo ya mechi. Usimuulize "nistaafu?" Swali hilo linamtwika mzigo wako. Muulize hivi: "Ungekuwa unachagua timu leo, na jina langu limefunikwa, takwimu hizi za msimu na namna ninavyokimbia uwanjani vingenipa nafasi?" Kisha nyamaza. Akisita kabla ya kujibu, umejibiwa.

Wa pili ni mpinzani unayemheshimu, aliyecheza dhidi yako miaka mingi. Mpinzani huwa na habari ambayo wenzako hawana: anajua timu yake inapanga nini juu yako. Kama zamani walikuwa wakipanga namna ya kukutoa na sasa wanasema tu "mrushieni wa kasi, basi," ni vyema ulisikie kutoka kwake.

Nyumbani usiulize ruhusa ya kustaafu wala ya kuendelea, uliza gharama. Mke, mume na watoto ndio wanaokuona ukipanda ngazi Jumapili jioni.

Halafu lipo swali ambalo utajiuliza mwenyewe: nani ananisubiri? Katika kila timu yenye afya kuna kijana anayepiga neti wiki nzima na kubeba maji siku ya mechi kwa sababu nafasi yake umeikalia. Kama unampita kwa ubora, kaa bila haya. Kijana hajengwi kwa kupewa nafasi ya bure. Kama mmelingana, mimi nasema nafasi ni yake, kwa sababu wewe hutapanda tena na yeye atapanda. VVS Laxman alikuwa tayari ameitwa kwenye kikosi cha India cha kucheza na New Zealand mwaka 2012 alipotangaza kuacha kabla mfululizo haujaanza. Angeweza kucheza na kuaga kwa shangwe nyumbani. Akaitoa nafasi.

Hapa wenye kujichagua wenyewe wawe waangalifu mara mbili. Ukiwa nahodha mkongwe, au mwanzilishi wa klabu, au ndiye unayelipia mipira, hakuna atakayekuacha nje. Mkabidhi mtu mwingine kazi ya kuchagua timu kwa mwezi mmoja, uone jina lako linaandikwa wapi.

Hatua ya tano: amua unaacha ngazi ipi

Wengi hufikiri kustaafu ni mlango mmoja: uko ndani au uko nje. Kriketi ina ngazi, na unaweza kushuka moja moja.

Marcus Trescothick aliacha kuichezea Uingereza rasmi mwaka 2008, baada ya safari za mbali na nyumbani kumletea wasiwasi na msongo mkali wa moyo. Mchezo wenyewe hakuuacha. Aliendelea kuichezea klabu yake ya Somerset hadi 2019, akiwa na miaka 43. Kilichokuwa kinamuumiza ni sehemu moja ya maisha ya kriketi, akaikata hiyo. Kumar Sangakkara wa Sri Lanka aliaga mechi za siku moja baada ya Kombe la Dunia la 2015, alikopiga mikimbio mia katika mechi nne mfululizo, kisha akaaga Testi Agosti mwaka huohuo, na bado mwaka 2017 alikuwa akipiga mikimbio kwa wingi kwa klabu yake ya Surrey.

Kwa hiyo kaa na daftari lako na ujiulize kinachokuchosha ni nini hasa. Kama ni urefu wa mechi, acha za siku nyingi ubaki na za T20, zile fupi za ova 20 kwa kila timu. Kama ni kasi ya uwanjani, inawezekana T20 ndiyo ya kuacha, kwani haina pa kumficha mtu mzito. Kama ni safari, acha ligi ya mbali. Kama ni mazoezi ya katikati ya wiki, shuka timu ya pili, mahali ambapo mkongwe mmoja mtulivu akisimama upande wa pili wa wiketi humfundisha kijana mengi kuliko kocha aliye nje. Na ipo kriketi ya wakongwe, yenye mashindano ya kimataifa ya waliopita miaka 50 na hata 60, ambako mtu wa miaka 51 huitwa kijana.

Ila kushuka ngazi kuna sharti lake. Ukienda timu ya pili, nenda kama mchezaji wa timu ya pili: beba stampu, lipa ada, fika mapema. Anayeshuka huku akingojea kuitwa juu kila wiki huwa mzigo huko chini pia.

Wanaolipwa wana jambo la ziada. Soma mkataba kabla ya kutamka neno lolote, uone unaisha lini, bima ya majeraha inakulinda hadi tarehe ipi na matibabu ya jeraha la zamani yatalipwa na nani ukishatoka. Kama chama cha wachezaji kipo, zungumza nacho kwanza. Na anza kujifunza kazi ya pili ukiwa bado unacheza. Kuanza baada ya mshahara kukatika ni kuchelewa.

Hatua ya sita: weka tarehe, na usiifunge kwenye rekodi

Ukishaamua, chagua siku. Mwisho wa msimu ndio wakati bora kwa walio wengi, kwa kuwa timu hupata miezi ya kujipanga. Kuondoka katikati ya msimu kunakubalika kwa jeraha au kwa jambo la familia. Vinginevyo unawaachia wenzako pengo.

Hatari kubwa hapa ni namba. Mkongwe akibakiza mikimbio 140 kufika elfu tano, au wiketi tisa kufika mia tatu, akili yake hubadilika, na timu nzima huanza kucheza kwa ajili ya hesabu yake. Sachin Tendulkar alipiga mia yake ya 99 ya kimataifa Machi 2011, na ile ya 100 ikaja Machi 2012 huko Mirpur dhidi ya Bangladesh, katika mechi ambayo India ilishindwa. Mwaka mzima wa kungoja, kwa mpigaji mkubwa kiasi hicho, huku kila akitoka watu wakihesabu. Mia yake ya mwisho ya Testi ilikuwa ya Januari 2011, naye akacheza hadi Novemba 2013.

Muttiah Muralitharan, mrushaji wa Sri Lanka, alifanya kinyume. Alitangaza kwamba mechi ya Galle, Julai 2010, ndiyo ya mwisho, hali akiwa na wiketi 792. Wiketi nane katika mechi moja si jambo la kuahidiwa. Angeweza kusema atacheza mfululizo wote ili kujihakikishia. Aliweka tarehe kwanza, akaiacha namba ijitafutie njia, na wiketi ya 800 ikaja kwa mpira wake wa mwisho kabisa. Hata isingekuja, uamuzi ungebaki sahihi. Don Bradman wa Australia alihitaji mikimbio minne tu katika zamu yake ya mwisho mwaka 1948 ili wastani wake uwe 100 kamili. Mrushaji Eric Hollies akamtoa kwa mpira wa pili bila mkimbio wowote, na 99.94 ikawa namba maarufu kuliko zote katika kriketi.

Namna ya kutangaza ina utaratibu wake. Nahodha asikie kwanza, uso kwa uso. Kisha watu wa nyumbani, kama hawajui. Kisha wenzako katika chumba cha kubadilishia nguo, kwa maneno machache. Ndipo hadhara. Ukianza na mitandao, wenzako watahisi wamedharauliwa, na watakuwa na haki. Stuart Broad, mrushaji wa Uingereza, alitangaza katikati ya mechi ya mwisho ya Ashes ya 2023 kwenye uwanja wa The Oval, akiwa bado anapata wiketi, na kesho yake mpira wa mwisho aliokabili akaupiga kwa mikimbio sita. Siku iliyofuata mpira wake wa mwisho ulileta wiketi iliyomaliza mechi. Usitarajie hivyo. Tarajia siku ya kawaida, labda mvua, labda usiguse mpira kabisa, na uwe radhi nayo.

Usitangaze mapema mno pia. Msimu mzima wa kuagwa kila uwanja huchosha timu, na hukufanya uogope kuangusha mpira mbele ya waliokuja kukupongeza. Wiki mbili au tatu zinatosha kwa klabu.

Hatua ya saba: panga miezi sita ya kwanza

Wastaafu wengi huniambia kilichowashinda hakikuwa kukosa kupiga mpira. Ni Jumamosi saa nne asubuhi, wenzao wanapasha misuli, nao hawana pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya mechi ya mwisho uwe umeshapata jukumu lenye siku na saa. Mara tu baada ya kuaga kwenye uwanja wa Lord's Julai 2024, akiwa na wiketi 704, Anderson alibaki na timu akiwashauri warushaji. Wewe unaweza kufundisha watoto, kusomea kazi ya mwamuzi, kuandika matokeo, au kusimamia utunzaji wa uwanja. Kazi ya mwamuzi naipendekeza hasa kwa walinda wiketi na wapigaji: macho yamezoea pembe zile, na vilabu vingi havina waamuzi wa kutosha.

Usiache mazoezi ghafla. Mwili uliozoea kukimbia ukikalishwa huongezeka uzito haraka, na magoti yaliyochoka hayataki uzito. Na moyo ukizama wiki hadi wiki, hulali, huli, hutaki watu, tafuta mtaalamu. Ni ugonjwa kama jeraha la paja, na una tiba.

Mwisho ni suala la kurudi. Simu italia, hasa msimu ukiwa mgumu. Aasif Karim aliiacha Kenya baada ya Kombe la Dunia la 1999, akaitwa tena kwa la mwaka 2003 akiwa na miaka 39, na dhidi ya Australia pale Durban akarusha ova 8.2, akatoa mikimbio saba tu na kupata wiketi tatu. Ndiyo mfano wanaoutaja wote wanaokubembeleza urudi. Lakini Moeen Ali naye alirudishwa kwenye Testi mwaka 2023 baada ya kustaafu 2021, na katika mechi ya kwanza ngozi ya kidole chake cha kurushia ikachanika, kwa kuwa alikuwa hajafanya kazi ile ya ova nyingi kwa muda mrefu. Akili ilikumbuka, kidole kilisahau. Ukipigiwa simu, usijibu palepale. Nenda neti wiki tatu ukafanye kiasi kamili cha kazi unayoombwa, ova zote au saa zote, ukiandika kila asubuhi inayofuata kama zamani. Ukipona kwa siku mbili, rudi kwa mechi zilizotajwa na tarehe ya kumaliza. Usipopona, mpe nahodha jina la yule kijana.